Video za tovuti ya biashara zikae wapi?

Swali: Tuna duka la mtandaoni la cherehani na vipuri. Tuna video kama arobaini: fupi za kuonyesha bidhaa, nyingine za kufundisha matengenezo, na sasa tunaandaa kozi ya kulipia. Faili zote zimepakiwa kwenye seva ileile ya tovuti na wateja wanalalamika kwamba video zinakwama. Fundi wetu wa tovuti anasema tuzihamishie zote YouTube kwa kuwa ni bure. Mshirika wangu anasema YouTube itatuondolea heshima, tulipie Vimeo. Nani yuko sahihi, na tuchague kwa kipimo gani?

Jibu: Ugomvi wenu hautaisha kwa kumpa mmoja ushindi, kwa sababu mnajadili video za aina tatu kana kwamba ni mzigo mmoja. Kabla ya kufungua ukurasa wa bei wa jukwaa lolote, chukua kila video ujiulize: mtu akiitazama hadi mwisho, nataka afanye nini sekunde inayofuata? Abonyeze kitufe cha kununua? Atufahamu kwa mara ya kwanza? Aendelee na somo la pili alilokwisha kulipia? Kila jibu lina makao yake, na hakuna jukwaa moja linalozimudu kazi zote tatu vizuri.

Tumalize kwanza hilo la kukwama, maana hapo ndipo mteja anapoumia leo. Faili ya video ya MP4 iliyo kwenye seva ya kawaida hutumwa jinsi ilivyo kwa kila anayeiomba. Mwenye kompyuta na intaneti ya kasi, na mwenye simu iliyoshika mtandao wa kusuasua, wote wanapewa faili ileile yenye ubora uleule; ni gauni la saizi moja lililoshonwa kwa ajili ya mtaa mzima. Majukwaa ya video hayafanyi hivyo. Ukiwapakilia faili, huitengeneza upya katika viwango kadhaa vya ubora, kisha hukata kila kiwango vipande vya sekunde chache chache. Pleya, yaani kichezeshi cha video kilicho kwenye ukurasa, hupima kasi ya mtandao wa mtazamaji na kuomba kipande kinachomfaa. Mtandao ukidhoofika katikati, kipande kinachofuata huja na ubora wa chini na video huendelea badala ya kusimama. Njia mbili zilizoenea za kufanya hivyo ni HLS, iliyotolewa na Apple mwaka 2009, na DASH, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012. Vipande hivyo pia hutunzwa kwenye seva zilizotawanywa nchi nyingi ili mtazamaji avipate kutoka karibu, wakati seva yenu ni moja tu na inahudumia pia kurasa, picha na malipo.

Chanzo kingine ni kidogo lakini nakikuta mara kwa mara. Programu nyingi za kuhariri huiweka faharasa ya MP4, yaani orodha inayoonyesha kila kitu kiko wapi ndani ya faili, mwishoni mwa faili. Kivinjari hakiwezi kuonyesha chochote kabla ya kuisoma, kwa hiyo huruka kwenda kuitafuta mkiani, na seva isiporuhusu kuruka, husubiri faili nzima ishuke. Programu ya bure ya ffmpeg huihamishia faharasa mwanzoni kwa chaguo moja, -movflags +faststart, bila kugusa ubora wa picha. Mwambie fundi wenu aifanye kazi hiyo leo kwa faili zote arobaini. Haitatibu kila kitu, ila itawapa nafuu wakati mnaamua.

Video moja tu ningeiacha kwenye seva yenu: ile ya sekunde kumi hivi, isiyo na sauti, inayojirudia nyuma ya kichwa cha ukurasa wa kwanza, kama mnayo. Ikibanwa hadi megabaiti 2 au 3, kuipitisha kwenye jukwaa ni kuongeza uzito bila faida. Iwekwe bila sauti kweli, kwa sababu tangu 2018 kivinjari cha Chrome huzuia video zenye sauti kujianzisha zenyewe, na iandikwe kwa namna inayoruhusu ichezwe ndani ya ukurasa, la sivyo iPhone itaijaza kioo kizima.

Sasa YouTube. Fundi wenu anaposema ni bure anazungumzia fedha, na kwa fedha ni kweli. Malipo yenyewe yanakatwa kwenye umakini wa mteja wako. Fikiria mtu yuko kwenye ukurasa wa cherehani mpya, amebakiza kubonyeza kitufe. Anaanza video, linatokea tangazo, na hakuna kinachozuia tangazo hilo liwe la mshindani wako. Msidhani mko salama kwa sababu hamjajiunga na mpango wa kugawana mapato. YouTube ilibadilisha masharti yake Novemba 2020 kwa Marekani, na mwaka uliofuata kwa nchi nyingine, ikajipa haki ya kuweka matangazo hata kwenye chaneli zisizo na mpango huo. Video ikiisha yanakuja mapendekezo. Zamani mngeweza kuyazima kwa kuongeza rel=0 kwenye kiungo, na ushauri huo bado unazunguka mitandaoni, ila tangu Septemba 2018 kazi yake ni kupendekeza video za chaneli yako mwenyewe, si kuyaondoa. Juu ya hayo, mtazamaji akibonyeza nembo au jina la video anahamia YouTube, na huko kuna kila kitu duniani isipokuwa kitufe chako cha kununua.

Kuna pia uzito. Pleya ya YouTube ikipachikwa kwa njia ya kawaida hushusha mamia ya kilobaiti za programu kabla mtu hajabonyeza chochote. Ukurasa wenye video sita hubeba mzigo huo kwa wote, pamoja na wale ambao hawatazami hata moja. Dawa yake ni rahisi: ukurasa uonyeshe picha tu yenye alama ya kucheza, na pleya yenyewe iitwe pale mtu anapobonyeza. Kipo kijalizo cha bure, lite-youtube-embed, kinachofanya hivyo, na majukwaa mengi ya kulipia yana njia inayofanana. Hapohapo mtumie anwani ya youtube-nocookie.com, ambayo hupunguza vidakuzi (faili ndogo za kumfuatilia mtazamaji) vinavyowekwa kabla video haijaanza. Mkiwa na wateja Ulaya hilo si la hiari sana, kwa kuwa sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inafanya kazi tangu Mei 2018 na inamhusu hata muuzaji aliye nje ya Ulaya anayewalenga watu wa huko. Na kama mnauza kwa makampuni, kumbukeni kwamba ofisi nyingi huifungia YouTube kwenye mitandao yao ya kazini. China nayo imeifunga tangu 2009. Mnunuzi wa aina hiyo anaona boksi tupu palipotakiwa kuwa na bidhaa yako.

Pamoja na yote hayo, siungani na mshirika wako. Habari ya heshima ameikuza mno. Mteja hadharau kampuni kwa kuona nembo ya YouTube. Anachokichukia ni kusubiri. Tena video zenu za matengenezo zingekufa njaa nje ya YouTube. Mtu ambaye uzi unamkatikia kila baada ya mishono kumi hajui kwamba duka lenu lipo. Anachojua ni tatizo lake, na analiandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha YouTube au cha Google, ambayo ndiyo mmiliki wa YouTube tangu 2006. Video yenu ikimtatulia shida, jina lenu linamkaa kichwani, na kiungo cha vipuri kilicho chini ya video kinamleta dukani. Vimeo haina umati wa namna hiyo unaotafuta jinsi ya kurekebisha cherehani. Hata mkitengeneza video nzuri mara mbili zaidi, mkiziweka huko zitatazamwa na wale tu mliowatumia kiungo.

Hizo za matengenezo muziweke pia kwenye tovuti, kila moja na ukurasa wake. Desemba 2023 Google ilibana utaratibu: ukurasa hutambuliwa kuwa wa video kwenye matokeo ya utafutaji pale tu video inapokuwa ndiyo kiini cha ukurasa huo. Video iliyochomekwa katikati ya maelezo marefu ya bidhaa haihesabiwi. Kwa hiyo: ukurasa mmoja, tatizo moja, video juu kabisa, chini yake hatua kwa maandishi, na mwisho kipuri kinachohusika. Fundi aongeze taarifa za VideoObject kwenye msimbo wa ukurasa, yaani jina la video, picha yake na tarehe ya kupakiwa.

Tahadhari moja kuhusu YouTube inahusu kozi yenu, kwa sababu najua kishawishi kitakuja. Kuna hali ya video isiyoorodheshwa, ambayo haionekani kwenye utafutaji lakini hufunguka kwa kila mwenye kiungo. Watu huitumia kwa masomo ya kulipia wakidhani ni siri. Mwanafunzi mmoja akikituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, kozi imeshagawiwa bure. Hata kama hamjali hilo, hamna usemi juu ya utaratibu. Julai 2021 YouTube ilizigeuza kuwa za faragha video zisizoorodheshwa zilizopakiwa kabla ya 2017, isipokuwa pale mwenyewe alipojaza fomu ya kukataa. Tovuti ambazo wamiliki wake hawakuona tangazo hilo zilibaki na mashimo.

Tukienda upande wa kulipia, pana makundi mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni majukwaa kama Vimeo na Wistia. Hapo unauziwa kitu kizima: pleya safi unayoipaka rangi zako, takwimu zinazoonyesha watazamaji wanaachia sekunde ya ngapi, fomu ya kuchukua barua pepe katikati ya video, na uwezo wa kubadilisha faili bila kubadilisha kiungo. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Bidhaa hubadilika. Bei iliyotajwa kwenye video hupitwa na wakati, kitufe kwenye cherehani huhamishwa. YouTube hairuhusu kuweka faili mpya mahali pa ya zamani. Inabidi upakie upya, upate kiungo kipya, na uzunguke kurasa zote ukirekebisha.

Kundi la pili ni Cloudflare Stream, Mux na Bunny Stream. Hawa wanauza mitambo: unawapa faili, wanaikata, wanaisambaza, na wanakutoza kwa ulichotumia. Pleya ya kuanzia wanayo, lakini mapambo, fomu na mengineyo utajitengenezea. Kwa mwenye fundi wa kudumu, gharama yake mara nyingi ni ndogo sana. Kwa asiyekuwa naye, kila badiliko dogo litakuwa la kuomba na kusubiri, na mwishowe utalipa zaidi kwa njia nyingine.

Kwenye bei ndiko watu wanakoumia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Majukwaa hayatozi kwa kipimo kimoja. Wapo wanaohesabu idadi ya video, wapo wanaohesabu watumiaji wa akaunti, wapo wanaohesabu dakika zilizotazamwa, wapo wanaohesabu gigabaiti zilizosafirishwa. Huwezi kulinganisha bei hizo kwa macho; lazima uzigeuze kuwa kitu kimoja. Chukua video ya dakika 3 kwa ubora wa 1080p unaotumia megabiti 4 kwa sekunde. Sekunde 180 mara 4 ni megabiti 720, gawa kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, upate megabaiti 90. Ikitazamwa yote mara 1,000 ni gigabaiti 90, au kwa wanaohesabu kwa dakika, dakika 3,000. Fanya hesabu hiyo kwa watazamaji wa mwezi wenu wa kawaida, kisha uirudie kwa mara kumi yake, maana siku video ikishika kasi hamtapata muda wa kusoma masharti.

Mpango wenye bei isiyobadilika nao una ukomo, hata kama haujaandikwa kwa herufi kubwa. Machi 2022 baadhi ya wateja wa Vimeo waliokuwa na watazamaji wengi walitakiwa kuhamia mipango ghali zaidi kwa sababu ya wingi wa data iliyosafirishwa. Malalamiko yalienea, na kampuni ikaomba radhi kwa jinsi ilivyolishughulikia suala hilo. Kiwango kilichokuwa kikizungumzwa kilianzia terabaiti 2 kwa mwezi. Kwa video yetu ya megabaiti 90, hiyo ni kama mara 22,000 za kutazamwa. Duka la cherehani huenda lisifike huko, ila tafuteni namba hiyo kwenye masharti kabla ya kulipa, na kama haipo, iulizeni kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.

Kozi ya kulipia inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kufunga video isichezwe nje ya tovuti yenu, jambo ambalo majukwaa mengi ya kulipia wanalo, japo wakati mwingine kwenye mpango wa bei ya juu tu. Cha pili ni viungo vyenye sahihi, yaani saini ya kidijitali, vinavyotengenezwa kwa kila mwanafunzi anapoingia na kuisha muda baada ya saa chache. Muuzaji anaweza kuwashawishi mchukue na ulinzi wa DRM, yaani kufuli la kidijitali la kuzuia video isinakiliwe, kama Widevine ya Google, FairPlay ya Apple na PlayReady ya Microsoft. Huo ni ulinzi wa filamu za studio kubwa. Kwa kozi ya ushonaji ningeuacha: unaongeza gharama, unaleta matatizo kwenye baadhi ya vifaa, na bado hauzuii mtu kuweka simu ya pili mbele ya kioo akarekodi. Anayeiba kwa juhudi kiasi hicho hakuwa mteja.

Manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video, msiyaache yatengenezwe na mashine peke yake halafu myasahau. Mashine hukosea majina ya vipuri, yaani palepale mtazamaji anapohitaji usahihi. Yasahihisheni, yahifadhini kama faili za maandishi za aina ya WebVTT zilizo mikononi mwenu, na hapo mtaweza kuyapakia popote. Watu wengi hutazama simu ikiwa kimya, viziwi wanahitaji kusoma, na miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inayahesabu manukuu katika ngazi yake ya chini kabisa. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza sheria yake ya ufikivu kwa biashara za mtandaoni Juni 2025.

Mali bila daftari huisha bila habari, na video ni mali. Jukwaa lolote mtakalochagua linaweza kuuzwa au kufungwa. Vimeo yenyewe ilinunuliwa na Bending Spoons ya Italia mwaka 2025. Azure Media Services ya Microsoft, huduma iliyolenga makampuni makubwa, ilizimwa tarehe 30 Juni 2024. Google Video ilikwisha zamani, na hiyo ilikuwa ya Google. Kwa hiyo faili asilia zenye ubora kamili zikae kwenye diski yenu na nakala mahali pengine, kwa sababu mnachokipakua kutoka kwenye jukwaa mara nyingi ni toleo lililokwisha kubanwa. Mfungue jedwali lenye jina la kila video, kiungo chake, kurasa inakotokea na faili ya manukuu. Na fundi asibandike msimbo wa pleya kwa mkono kwenye kurasa arobaini. Atengeneze kiolezo kimoja kinachopokea namba ya video tu. Siku ya kuhama, atabadilisha kiolezo hicho na jedwali.

Ningekuwa ninyi, video za matengenezo zingeenda YouTube na kwenye kurasa zake za tovuti kwa ule mtindo wa picha kwanza. Zile fupi za bidhaa ningezilipia kwenye pleya safi isiyo na matangazo, na kozi ningeiweka kwenye jukwaa hilohilo la kulipia mradi lina viungo vyenye sahihi, ili msilipe mahali pawili. Kati ya Vimeo na Wistia, au Bunny na Cloudflare, sitawachagulia kwa jina. Itategemea fundi wenu ni wa kudumu au wa kuitwa.

Mnachoweza kufanya wiki hii ni jaribio. Pakieni video moja ya bidhaa kwenye majukwaa mawili kwa muda wa majaribio ya bure, kila moja kwenye ukurasa wake uliofichwa. Zifungueni kwa simu ya bei ya chini, si ya mwenye duka, mahali ambapo mtandao unasuasua. Hesabuni sekunde hadi picha ya kwanza kutokea. Simamisheni katikati muone nini kinajitokeza kwenye kioo, kisha iacheni iishe muone tena. Nakilini kiungo, mkifungue kwenye dirisha la faragha lisilo na akaunti yenu, muone kama video inafunguka mahali isipotakiwa. Halafu mwandikieni kitengo cha huduma kwa wateja swali moja gumu kuhusu kiwango cha data, na mwangalie wanachukua muda gani kujibu, na kama aliyejibu amelisoma swali.

Mkishachagua, lipieni kwa mwezi kwanza hata kama mpango wa mwaka una punguzo. Hamisheni video zinazotazamwa zaidi kabla ya nyingine. Na zile faili zilizoko kwenye seva msizifute siku ya kuhama: ziacheni hadi fundi atakapothibitisha kwenye kumbukumbu za seva kwamba hakuna ukurasa wala barua pepe ya zamani inayoendelea kuziita.